Mkufunzi kaandika "Umejuaje?" pembeni ya kazi yangu mara tatu. Nitajuaje kweli?

MwanaGhala

Wakuu, heshima kwenu.

Nimefanya kazi ya ghala miaka kumi na minne. Kupokea, kuhesabu, kupanga, kutoa. Kasha likipungua nalijua kabla sijafungua daftari. Mwaka jana nikapandishwa kuwa mratibu wa oda, na nimekuja kugundua kwamba kazi ya mratibu si makasha tena, ni maneno. Asubuhi kikao cha video na mwenzangu aliyeko Uholanzi na mwingine aliyeko Japani. Mchana naandika barua pepe. Jioni najibu barua pepe za watu wanaouliza zile za mchana zilikuwa na maana gani. Kiingereza ndicho tunachotumia, na si cha yeyote kati yetu watatu.

Nikaona nisome. Nimejiandikisha kozi ya masafa ya mawasiliano ya kikazi na ya kitamaduni, naisoma usiku nyumba ikishatulia. Moduli mbili za kwanza nilizipenda mno. Nilikutana na Edward Hall na tamaduni zake za muktadha mzito (mengi hayatamkwi, yanaeleweka kwa hali) na muktadha mwepesi (kila kitu kinatamkwa), nikakutana na Hofstede na alama zake za nchi, nikajisemea kumbe mambo ni rahisi hivi! Nikachora jedwali nikalibandika ukutani juu ya meza.

Moduli ya tatu ndiyo imenikalisha. Kazi yenyewe ni maneno 3,000: chagua tukio moja la kutoelewana kazini kwako, ulichambue. Mimi tukio ninalo, tena bichi. Kwenye kikao kimoja tulikubaliana (nilidhani tulikubaliana) mzigo utafika tarehe 14. Ulifika tarehe 23. Wateja walishapewa tarehe. Bosi aliuliza swali moja tu: "Muhtasari wa kikao kaandika nani?" Kaandika aliyeulizwa.

Sasa rasimu yangu ya kwanza ilisema hivi, nanakili kama ilivyo:

"Mwenzangu wa Japani alisema hakuna tatizo na tarehe 14. Hii ni kwa sababu Wajapani hawapendi kusema hapana waziwazi. Wanatoka katika utamaduni wa muktadha mzito, hivyo alikubali kwa mdomo ili kulinda heshima ya kikao, huku akijua mzigo hautafika."

Imerudi na wino mwekundu. Pembeni ya sentensi ya kwanza: "Umejuaje?" Ya pili: "Umejuaje?" Ya tatu: "Umejuaje?" Chini kabisa: "Rudia. Nionyeshe, usiniambie."

Nimekaa na karatasi hii siku nne. Sentensi ya pili na ya tatu nimeielewa hasira yake, nimemsemea mtu moyoni. Lakini ya kwanza? Nilikuwepo! Nimesikia kwa masikio yangu! Mnaosoma au mliosoma mambo haya, mkufunzi anataka nini hasa? Nimuonyeshe nini?

---

Pita_Njia

Dada, mkufunzi anataka umtaje Hofstede mara nyingi zaidi. Weka alama za Japani na za Uholanzi, chora grafu ya mistari, toa maneno 3,000, chukua cheti uende. Mimi nilipita hivyo hivyo na kazi naifanya.

---

Mzani

Huyo hapo juu ndiye anayetuharibia jina sisi tunaopenda takwimu.

MwanaGhala, usitupe jembe kwa kuwa ulilishika upande wa makali. Geert Hofstede hakukaa chini akabuni alama zile. Alichukua dodoso za wafanyakazi wa IBM, zaidi ya 116,000, zilizokusanywa kati ya mwaka 1967 na 1973, na kitabu chake kikatoka 1980. Kuna mambo alama zile zinaonyesha vizuri, hasa lile la umbali wa madaraka: wafanyakazi kwa jumla wanaona ni sawa kiasi gani mkubwa kuamua peke yake. Ukipanga mafunzo ya kampuni nzima, zinakusaidia kujua pa kuanzia.

Ila mwenyewe Hofstede alionya kwamba alama ni za nchi, si za mtu. Wastani wa darasa haukuambii mtoto wa dawati la tatu kapata ngapi. Wewe umechukua wastani wa nchi ukamvisha mtu mmoja, kwenye asubuhi moja, kwenye sentensi moja. Hapo lazima uulizwe umejuaje.

Na ukitaka kujua wino wa alama zile ulivyo mwepesi mahali pengine, tafuta "Afrika Mashariki" kwenye jedwali la Hofstede. Utakuta Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia zimefungwa kwenye furushi moja zikapewa alama moja. Jiulize kama ungekubali mtu akuchambue wewe kwa namba hiyo.

---

Kiimbo

MwanaGhala, hongera kwa mkufunzi wako. Wengi wangekupa alama 60 kwa rasimu ile ukaendelea na safari yako bila kujifunza kitu. Nimefundisha somo hili miaka kadhaa kabla ya kuhamia kwenye ukalimani, na rasimu kama yako nimesahihisha nyingi mpaka naziona usingizini. Zote zinaanzia kwenye utamaduni na kushuka kwenye neno. Panda kutoka kwenye neno.

Ngoja nikupe mfano ninaoupenda kuliko yote. Ni wa John Gumperz, alikuwa mtaalamu wa isimu. Miaka ya sabini, kwenye mkahawa wa wafanyakazi wa uwanja mmoja mkubwa wa ndege Uingereza, waliajiriwa wanawake waliotoka India na Pakistan. Haukupita muda malalamiko yakaanza: hawa wahudumu ni wakali, hawana ushirikiano. Wao nao wakawa wanaona wanabaguliwa. Mtu wa jedwali la ukutani angesema "tamaduni mbili zimegongana" akafunga daftari. Gumperz na wenzake walirekodi. Wakakuta ugomvi mkubwa umejificha kwenye neno moja: mchuzi. Mhudumu Mwingereza akikupa nyama aliuliza "Mchuzi?" sauti ikipanda. Wale wanawake walisema "Mchuzi." sauti ikishuka, kwa sababu kwenye mazungumzo yao hiyo ndiyo namna ya kawaida ya kumkaribisha mtu. Masikio ya Waingereza yakasikia tangazo: huu ni mchuzi, ukitaka chukua, hutaki acha. Waliposikilizishwa rekodi pande zote mbili, wale wanawake mwanzoni walisema mbona ni neno lile lile. Ni kweli, neno ni lile lile.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. "Mzigo umefika" na "Mzigo umefika?" hazipishani hata herufi moja. Tunaishi kwa kiimbo kila siku, ila tukifika darasani tunasahau.

Kwa hiyo swali langu kwako: kikao chenu kilirekodiwa? Kama kilirekodiwa, acha kusoma vitabu wiki hii. Kata kipande kile cha tarehe 14, kisizidi dakika moja, ukinukuu neno kwa neno. Simaanishi muhtasari. Nakili kila "ee", kila kukatizana, kila ukimya, na ukimya uupime kwa sekunde. Alama za kunukuu mazungumzo zinazotumika zaidi alizibuni mtafiti Gail Jefferson: mabano ya mraba pale watu wawili wanaposemea pamoja, nukta mbili pale sauti inapovutwa, namba kwenye mabano kwa urefu wa ukimya. Dakika moja itakuchukua saa moja au zaidi. Usiogope, ndivyo ilivyo kwa kila mtu.

Kwa kupimia, programu ya Praat ni ya bure, imetengenezwa Chuo Kikuu cha Amsterdam, inakuonyesha wimbi la sauti na kiimbo kikipanda na kushuka. ELAN nayo ni ya bure, ya Taasisi ya Max Planck kule Nijmegen. Kwa kazi yako hata Audacity inatosha.

Ushahidi anaoutaka mkufunzi uko kwenye zamu inayofuata. Ukitaka kujua A alieleweka vipi, angalia B alifanya nini mara baada yake. Nia iliyomo kichwani mwa mtu huwezi kuinukuu, lakini alichofanya baada ya kusikia kinasikika kwenye rekodi.

---

MwanaGhala

Kiimbo, shukrani sana. Mzani, nimelibandua lile jedwali. (Nimeligeuza nyuma, naandikia alama za Jefferson.)

Vikao vyetu vinarekodiwa vyote, ni utaratibu wa kampuni. Nimeomba ruhusa ya wote wawili kutumia kipande kwa masomo, wamekubali, na nimeahidi kuwaita B (wa Uholanzi) na C (wa Japani). Bosi naye karidhia kwa sharti kwamba jina la mteja lisitajwe.

Swali moja la wasiwasi. Nakumbuka kulikuwa na ukimya kabla C hajajibu. Nikiupima nikakuta mrefu, je, si ndiyo ile tabia yao ya kunyamaza kabla ya kujibu? Kitabu changu cha moduli ya pili kina ukurasa mzima kuhusu ukimya wa Wajapani.

---

Kiimbo

Hapo hapo ukimbie mbio! Mwaka 2009 ulitoka utafiti ulioongozwa na Tanya Stivers, lugha kumi za pande mbalimbali za dunia. Walipima muda kati ya swali la ndiyo au hapana na jibu lake. Wastani wa zote ni kama sekunde 0.2, yaani kabla hujapepesa jicho vizuri. Na unajua lugha gani ilijibu haraka kuliko zote kumi? Kijapani. Ya mwisho ilikuwa Kidenmaki, na hata hiyo ni kama nusu sekunde tu.

Jambo la pili kwenye utafiti ule ni kubwa zaidi kwako: kwa jumla jibu la kukubali lilikuja mapema kuliko jibu la kukataa. Mtu anayekubali hana la kujipanga. Ukikuta ukimya mrefu mbele ya jibu, kabla hujauita utamaduni, uliza kwanza kama si hapana inayotafuta mlango.

---

Baharia_Mkongwe

Nimesoma yote. Mimi si msomi, nimekula chumvi melini miaka ishirini na sita, mabaharia wa mataifa matano kwenye daraja moja la uongozi, na hatukuwa na muda wa kupima ukimya. Meli haisubiri.

Sisi tuna misemo sanifu ya mawasiliano ya baharini, IMO, shirika la kimataifa la mambo ya bahari, iliipitisha mwaka 2001. Watu hudhani ni orodha ya maneno ya kukariri. Utamu wake uko kwenye kanuni za mwanzoni. Kwanza, kabla ya sentensi unaweza kutaja aina yake: SWALI. ONYO. AGIZO. OMBI. Kwa hiyo hakuna anayekaa kujiuliza huyu jamaa ananiuliza au ananiamuru. Yule mwanamke wa mchuzi angesema "Swali: mchuzi?" na malalamiko yangeishia hapo.

Pili, maneno ya "huenda", "pengine naweza", "ingefaa" yanaepukwa. Yana sura mbili.

Tatu, na hili ndilo limenifanya niandike: ukiulizwa swali, huruhusiwi kujibu "ndiyo" ukanyamaza, wala "hapana" ukanyamaza. Unasema ndiyo halafu unarudia sentensi nzima. Unasema hapana halafu unarudia sentensi nzima. "Hapana, sina ruhusa ya kuingia." Mimi nilipokuwa kijana niliona ni kupoteza pumzi. Kisha usiku mmoja tukiwa tunakaribia bandari, ofisa wa zamu akamuuliza mlinzi wa mbele, "Huoni boya?" Akajibiwa "Ndiyo." Ofisa akasikia boya limeonekana. Yule kijana alimaanisha ndiyo, silioni. Hatukugonga kitu, Mungu mkubwa, ila nahodha aliyosema pale darajani siwezi kuyaandika hapa.

Dada, kasikilize rekodi yako tena. Sikiliza swali liliulizwaje, kabla ya kusikiliza jibu.

---

Pita_Njia

Mzee wa bahari umenikamata. Mimi kila siku ofisini naulizwa "Hujamaliza?" najibu "Ndiyo" na watu wanaondoka wamefurahi. Nimewahi kujiuliza kwa nini wanarudi wamekasirika.

---

MwanaGhala

Wakuu. Sina hakika niandikeje hili.

Nilianza saa tatu usiku nikidhani nitamaliza saa nne. Nimelala saa nane. Kipande chenyewe ni sekunde 28. Nimekirudia labda mara sitini, hedifoni masikioni, mpaka nikawa nasikia hata kiti cha B kikilia. Tulikuwa tunaongea Kiingereza, nimetafsiri kwa uangalifu, na muda nimeupima kwa Audacity:

1 B: Kwa hiyo tarehe 14 haina tatizo?
2 (1.1)
3 C: Hapa::na, la[kini
4 B: [Safi! Basi, ankara.
5 (0.4)
6 C: Ndiyo.
7 Mimi: Sawa, naandika tarehe 14.
8 (1.6)
9 C: Tutaangalia.
10 B: Ankara namba ya kwanza...

Rasimu yangu ilisema "C alisema hakuna tatizo." Someni mstari wa 3 mnitafutie hilo neno. Halipo! C hakusema hakuna tatizo mahali popote. Alisema hapana. B ndiye aliyetaja tatizo, mimi nikamwekea C mdomoni, nikaliandika kwenye muhtasari, nikaliandika tena kwenye rasimu, na wiki nzima ningeapa mbele ya hakimu kwamba nimelisikia.

Halafu lile "lakini". Sikulisikia siku ile kabisa. Hata nilipoanza kunukuu nililiruka mara nne za kwanza, kwa sababu "Safi!" ya B imelifunika, kacheka juu yake. Mara ya tano nikapunguza kasi ya sauti, likatokea. La-. Mtu alikuwa anafungua mlango na sisi tukaufunga.

Na mimi mstari wa 7. Nimesikia sauti yangu mwenyewe, ya mtu anayetaka kikao kiishe.

Baharia, ulijuaje?

---

Baharia_Mkongwe

Sikujua. Swali la "haina" siku zote ni mwamba chini ya maji.

---

Kiimbo

MwanaGhala, umefanya kazi safi, na sasa twende polepole maana hapa pana utamu.

Mstari wa 1 ni swali lenye ukanushi: "haina tatizo?" Lugha za dunia zinajibu maswali hayo kwa njia zaidi ya moja. Kwenye Kijapani, "ndiyo" inakubaliana na sentensi ya muulizaji na "hapana" inaipinga. Ukiniambia haina tatizo nikajibu hapana, nimekupinga: tatizo lipo. Kwenye Kiingereza "hapana" inafuata ukanushi wenyewe: hapana, haina. Kiholanzi kinaenda upande huo huo wa Kiingereza, tena kina neno la tatu, *jawel*, la kumpinga mtu aliyekanusha, kama Kifaransa kilivyo na *si* na Kijerumani *doch*. B alipokosa neno lake la kupinga, akasikia kukubaliwa. Kwa masikio yake hakukosea.

Sasa, dada, wewe. Kwa Kiswahili nikikuuliza "Mzigo haujafika?" unajibuje kama haujafika? "Ndiyo, haujafika." Na kama umefika? "Hapana, umefika." Njia yetu ni ile ile ya C! Kati ya watu watatu kwenye kikao kile, wewe ndiye uliyekuwa na masikio ya kumsikia, lakini asubuhi ile ulikuwa umevaa masikio ya Kiingereza. (Nakubali wengi wetu siku hizi tumechanganya, hata tukiongea Kiswahili unasikia "Hapana, haujafika". Pita_Njia na ofisi yake ni ushahidi.)

Mstari wa 6 nao uangalie. Ile "Ndiyo" ya C inaitikia nini? Inaweza kuwa "nimekusikia, twende kwenye ankara" na si zaidi. Wewe umeitumia kuandika tarehe.

Na kitu cha mwisho. Alan Firth alichambua simu za biashara kati ya wauzaji wa Denmark na wateja wao wa nje, watu wanaotumia Kiingereza ambacho si chao, kama nyinyi. Aligundua wanayo tabia ya kuacha yapite: usipoelewa neno, unanyamaza ukitumaini mbele litajieleza. Kuna mteja anamwambia muuzaji jibini "linapuliza" forodhani. Muuzaji haelewi, anaitikia tu, mpaka baadaye inambidi aulize kupuliza ni nini. Kumbe jibini limeharibika. Mara nyingi kuacha yapite kunasaidia, mazungumzo hayakwami. Nakuomba uangalie mstari wa 8, sekunde 1.6, ujiulize nani kati yenu watatu aliacha yapite.

---

Mzani

Nimeinua mikono kwa unukuzi, ni kazi nzuri kuliko grafu yoyote ambayo ningekushauri. Lakini naomba niwe mkufunzi wako kwa dakika moja. "C alijibu kwa njia ya Kijapani." Umejuaje?

C anatumia Kiingereza kila siku kazini kama wewe. Wewe ulishahamia njia ya Kiingereza bila kujijua. Kwa nini yeye asiwe amehama? Huenda ile hapana ilikuwa "hapana, haina", na ile "lakini" ilikuwa inaleta jambo jingine kabisa. Mkiruka kutoka kwenye alama za Hofstede mkatua kwenye sarufi ya Kijapani, mmebadilisha tu jedwali la ukutani.

---

Kiimbo

Mzani ana haki. Ukimya wa 1.1, sauti iliyovutwa, na "lakini" vyote vinaelekea upande mmoja, ila vinaelekea tu.

MwanaGhala, C yupo hai na ana barua pepe.

---

MwanaGhala

Samahani kwa kupotea siku tano, nilikuwa nasubiri jibu.

Nilimtumia C kile kipande cha sekunde 28. Barua yenyewe niliiandika mara tatu. Ya kwanza ilikuwa na maneno mengi ya kujitetea. Ya pili ilikuwa na samahani nne, nikahesabu. Ya tatu nikafuata mzee wa bahari: "Swali. Kwenye sekunde ya 9 unasema hapana. Ulimaanisha tarehe 14 ina tatizo, au haina? Tafadhali jibu kwa sentensi nzima."

Jibu lilikuja juzi. Natafsiri:

"Nilimaanisha tarehe 14 ina tatizo. Nilisema hapana. Kisha nikaanza kueleza sababu. Kisha tukahamia kwenye ankara."

Mtu niliyemwandika kwenye rasimu kwamba hawezi kusema hapana alikuwa ameisema, kwa sauti, imerekodiwa.

Nikamuuliza na la pili, maana "tutaangalia" lilikuwa bado linanisumbua. Kitabu kinasema ni kukataa kwa adabu, na hata sisi "tutaona" yetu tunajua inakoishia. Nilikuwa tayari nimeshaandika aya nzima kuihusu. Akajibu: "Nilimaanisha tutaangalia kama kuna meli inayoondoka mapema. Tuliangalia. Haikuwepo. Nilikuandikia siku iliyofuata."

Nimeitafuta hiyo barua. Ipo. Imefika asubuhi ya pili yake, mstari wa mwisho wa barua ndefu ya ankara: meli ya mapema haipatikani. Niliijibu "Asante, nimepokea."

Aya ile ya "tutaangalia" nimeifuta. Sehemu ya nadharia imebaki nusu ukurasa, Hall yumo kwa sentensi mbili, Hofstede hayumo (pole Mzani). Iliyobaki yote ni mistari kumi ile, nimeipitia mmoja mmoja, na wa 7 umechukua nafasi kubwa kuliko yote kwa sababu ndio wangu.

Kwenye kikao cha jana nilisoma tarehe mpya kwa sauti nikamuomba C aseme sentensi nzima. B akacheka, akauliza kama tumejiunga na jeshi la majini. C akaisema. Ukimya kabla yake sikuupima, ila haukufika hata nusu sekunde.

Rasimu inakwenda Ijumaa. Kiimbo, kama una muda: ile nukta mbili ya kuvuta sauti, kwenye "hapa::na" niweke mbili au tatu? Nimeisikiliza tena leo na naona imevutwa zaidi ya nilivyoandika.

---

Kiimbo

Weka tatu.